Boksi Liliandikwa Wati 300: Tathmini ya Taa za Sola na Umeme wa Akiba Kijijini

Tathmini hii inahusu vifaa vya aina tatu ambavyo kijiji chetu, kilicho kando ya barabara ya Mingoyo–Masasi katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtama mkoani Lindi, kilivinunua kwa nyakati tofauti kuanzia Desemba 2023: taa za sola za barabarani za kipande kimoja, taa za sola ambazo paneli, betri na taa yenyewe vimetenganishwa, na mtambo mdogo wa umeme wa akiba uliofungwa katika zahanati. Nimekuwa katibu wa kamati ya mradi tangu siku ya kwanza, daftari la manunuzi ninalo mimi, na nimepanda ngazi mara nyingi kuliko inavyomfaa mwalimu aliyekwisha kustaafu. Duka lililotuuzia liko mjini Mtwara. Sitalitaja jina, kwa kuwa taa hizo hizo nimeziona Lindi, Masasi na hata Kariakoo, zikiwa na nembo tofauti juu ya umbo lile lile, na ninayotaka kuyaeleza hapa yanamhusu mnunuzi kuliko muuzaji.

Kwanza nijibu swali ambalo wageni hutuuliza, yaani kwa nini kijiji chenye nguzo za TANESCO kinunue sola. Umeme wa gridi ulitufikia kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, na wengi wetu tuliunganishwa kwa ile gharama ya shilingi 27,000 ambayo kwa kweli haikumshinda mtu aliyeuza hata magunia machache ya korosho. Hata hivyo, anayeishi kusini anajua historia. Kwa miaka mingi Lindi na Mtwara tulikuwa nje ya gridi ya Taifa, tukitegemea mitambo ya gesi ya Mtwara iliyokuwa na megawati 18, na mtambo mmoja ukiugua mikoa miwili ilikuwa inakohoa. Gesi yenyewe inatoka Mnazi Bay, humu humu mkoani Mtwara, na mtu aliyesimama gizani stendi ana haki ya kulitafakari hilo kwa muda. Siku hizi hali ni afadhali, lakini mvua za Januari hadi Aprili zikiambatana na upepo, matawi ya miembe huangukia waya, na kijiji kinaweza kukaa usiku mzima bila umeme kabla ya mafundi kufika.

Taa ya barabarani inayotegemea gridi, kwa hiyo, huzimika usiku ule ule ambao inahitajika zaidi. Gharama yake si tatizo, kwani taa ya LED ya wati 30 ikiwaka saa 12 haifikishi hata nusu uniti. Tatizo ni nani atanunua Luku ya taa isiyo ya mtu. Tulilijadili jambo hilo katika vikao viwili vya halmashauri ya kijiji, na katika vyote jibu lilikuwa kwamba tutachanga, jibu ambalo kila aliyewahi kushika kitabu cha michango anajua thamani yake.

Mkutano mkuu wa kijiji ulipokaa mwezi Novemba 2023, kila kitongoji kilitaka taa yake. Fedha zilitosha taa sita, vitongoji navyo ni sita, na jambo lilielekea kuisha hapo kwa makofi. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyependekeza kwamba kabla ya kugawana tutembee, tena usiku. Tukatoka watu wanane, nusu yao kina mama, katika usiku wa kiza ambao mwezi ulikuwa haujaandama, na kila mmoja akaonyesha mahali ambapo yeye binafsi huharakisha hatua. Muuguzi mkunga alitupeleka kwenye korongo lililokata njia ya zahanati, ambapo wajawazito huvuka wakiwa wameshikwa mkono. Mama muuza maandazi alitusimamisha stendi na kueleza kwamba tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku, mwezi mmoja tu uliotangulia, abiria wameanza kushushwa pale saa nane na saa tisa za usiku, wakiwa na mizigo na watoto, na hakuna hata kibanda kilicho wazi. Karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima alitaka taa ghalani, kwa sababu wakati wa msimu upimaji wa korosho huendelea hadi usiku na mizani husomwa kwa tochi ya simu, jambo ambalo huzaa manung'uniko. Tulipomaliza, vitongoji viwili havikupata taa hata moja, stendi ikapata mbili, na mjumbe mmoja hakuniamkia kwa wiki tatu. Bado naamini matembezi yale ya saa mbili na nusu yalikuwa sehemu yenye manufaa kuliko zote katika mradi huu, na hayakutugharimu chochote.

Sasa nije kwenye bidhaa yenyewe. Taa ya kipande kimoja ni ile ambayo paneli, betri na balbu zimeshikana katika kasha moja jembamba linalofungwa juu ya nguzo. Tulilipa shilingi 145,000 kwa kila moja. Boksi lilikuwa na maandishi mekundu, wati 300, juu ya picha ya barabara ya lami yenye njia nne isiyofanana na barabara yoyote ninayoijua kusini ya Rufiji. Nilimwuliza kijana wa dukani kama hizo wati 300 ni za paneli au za balbu. Akacheka kwa adabu na kusema, "Mwalimu, hizo ni wati za mwanga tu." Nilipaswa kusimama pale pale na kumwomba rula.

Rula nilikuja kuitumia Februari, taa zilipoanza kuzimika saa saba za usiku. Paneli iliyo mgongoni mwa taa ina urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 35, sawa na mita za mraba 0.21. Jua kali la adhuhuri huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kiasi cha asilimia 20 tu ya hizo kuwa umeme. Maana yake ni kwamba paneli ile, ikiwa mpya, safi na imelikabili jua, haiwezi kutoa zaidi ya wati 42 hivi. Hizo 300 zingetoka wapi? Tulipofungua kasha kwa bisibisi, mimi na fundi wetu, tulikuta betri ya volti 3.2 yenye ampea-saa 30. Ukizidisha unapata wati-saa 96, na hiyo ndiyo akiba yote ya usiku. Huku kwetu, kwenye digrii 10 kusini ya ikweta, usiku hubadilika kidogo sana mwaka mzima na huwa wa saa 12 hivi. Gawanya 96 kwa 12 na unabaki na wati 8. Tulikuwa tumenunua balbu ya sebuleni, tukaipandisha mita sita juu ya ardhi.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Wati 8 za LED si giza. Taa yenye akili kidogo inaweza kuwaka kwa wati 15 katika saa nne za mwanzo, wakati watu bado wanatembea, kisha ikashuka hadi wati 4 na nusu kwa saa nane zilizobaki, na hesabu ikatimia. Baadhi ya taa hizi hufanya hivyo, na nyingine huongeza mwanga mtu anapopita chini yake. Za kwetu ziliwaka kwa nguvu zote tangu magharibi kana kwamba zinataka kumpendeza mnunuzi, na ilipofika saa saba zilikuwa zimekwisha. Basi la usiku likija saa tisa, abiria walishuka chini ya nguzo mbili zenye taa mbili zilizozimika, na mama wa maandazi, ambaye hoja yake ndiyo iliyotupeleka stendi, hakuacha kunikumbusha kila aliponiona.

Si makosa yote yalikuwa ya taa. Moja tuliisimamisha chini ya mwembe kwa sababu kivuli kile ndicho watu wamezoea kukaa, tukasahau kwamba paneli haikai kivulini. Kosa la pili nalieleza kwa aibu, kwa sababu nilipita pale kila siku bila kulitambua. Karatasi ya maelekezo ndani ya boksi inasema paneli ielekezwe kusini. Fundi aliyezisimamisha aliifuata karatasi kwa utiifu. Karatasi hiyo imeandikiwa nchi zilizo kaskazini ya ikweta, ambako jua hupita upande wa kusini. Sisi tuko upande wa pili, na ifikapo Juni jua letu la adhuhuri huegemea kaskazini kiasi kwamba paneli iliyolala digrii 15 kuelekea kusini hupoteza karibu theluthi ya jua la saa sita mchana ukilinganisha na ile iliyogeuzwa kaskazini. Tulizigeuza zote asubuhi moja kwa spana namba 17, na zile zilizokuwa nzima zikaongeza kama saa moja na nusu ya kuwaka. Anayenunua taa ya kipande kimoja na aitupe karatasi ile, aangalie kivuli chake mwenyewe saa sita mchana mwezi Juni. Kivuli kikilala kuelekea kusini, jua liko kaskazini.

Kuhusu wadudu nitasema machache. Mwanga mweupe sana, ule ambao boksi huuandika 6500K, huvuta wadudu kuliko mwanga wa njano wa 3000K. Mvua za kwanza zilipokuja kumbikumbi walikusanyika chini ya taa ya ofisi ya kijiji kwa wingi ambao wazee walisema hawajauona, na watoto waliwakinga kwa mabeseni ya maji hadi usiku wa manane. Kwa upande wa kitoweo, hiyo ni hoja ya kuunga mkono taa nyeupe. Kwa upande wa kioo, kilichobaki kimejaa mabawa na mizoga kwa ndani kwa sababu mpira wa kuzuia maji ulikuwa umekatika pembeni, na hilo silioni kuwa alama ya ubora.

Kufikia Machi 2024 taa tatu kati ya sita zilikuwa zimekufa kabisa. Hapa ndipo huduma ya duka inapopimwa. Cheti cha dhamana kilisema miaka miwili. Kilipogeuzwa nyuma, kwa herufi za kusomwa na vijana, kilisema betri ina dhamana ya miezi sita. Tulikuwa bado ndani ya miezi sita, na risiti ya mashine tulikuwa nayo, kwa hiyo nikapanda basi na taa tatu zikiwa ndani ya gunia la salfa. Duka walizipokea bila ugomvi, jambo ninalolisifu. Wakasema moja imeharibika kwa sababu ya kivuli, na nikakubali, kwa kuwa ndiyo ile ya mwembeni. Mbili wangezibadilisha mzigo mpya ukifika kutoka Dar es Salaam. Kisha kikaja Kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024, mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi huko Kilwa, na mizigo ya kusini ikasimama. Kwa hilo simlaumu mtu. Ninachowalaumu ni kwamba barabara ilipofunguka, taa mbili zilizoletwa zilikuwa za toleo jingine lenye kasha dogo zaidi na maandishi makubwa zaidi: wati 400.

Baada ya hapo kamati iliamua kubadili mwelekeo, na mwezi Agosti 2024 tukanunua kwanza seti mbili, baadaye nyingine mbili, za taa zilizotenganishwa. Hapa paneli ya wati 80 hukaa kileleni mwa nguzo, ikigeuzwa inakotakiwa bila kujali taa inaangalia wapi. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 30 hukaa ndani ya sanduku la chuma pamoja na kontrola, kifaa kinachosimamia chaji na mwanga, na taa ya wati 20 huning'inia kwenye mkono wake chini ya paneli. Kila seti, pamoja na waya, ilitugharimu shilingi 385,000, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya bei ya taa ya boksi jekundu, bila kuhesabu nguzo. Kikao cha kupitisha bei hiyo kilikuwa kirefu. Mzee mmoja aliuliza kwa nini tunanunua wati 20 kwa bei kubwa kuliko wati 300, na ni kweli kwamba swali lile, kwa jinsi lilivyoulizwa, halikuwa na jibu la haraka.

Jibu liko kwenye betri. Volti 12.8 mara ampea-saa 30 ni wati-saa 384, na ukiamua kutumia asilimia 80 tu ili betri idumu, unabaki na 307. Tumeipanga kontrola iwashe wati 20 kamili kwa saa tano, kisha ishuke hadi wati 8 kwa saa saba, matumizi ya wati-saa 156 kwa usiku. Betri iliyojaa, kwa hiyo, inaweza kuvusha karibu usiku mbili hata kama jua halikuonekana katikati. Katika misimu ya mvua taa ya stendi imezimika kabla ya alfajiri mara nne tu kwa hesabu ya daftari langu, na mara moja kati ya hizo ni mimi niliyechomoa waya nikidhani nasafisha.

Jambo jingine, ambalo sikulipa uzito wakati wa kununua, ni kwamba taa hizi hufunguka. Kila kipande kina spana yake. Kontrola ya mojawapo ilipokufa Januari 2025, fundi wetu, kijana aliyejifunzia kazi kwenye redio na mashine za kupulizia mikorosho, alinunua nyingine Masasi kwa shilingi 28,000 na taa ikawaka jioni ile ile. Ile ya kipande kimoja, kontrola ikifa, unanunua taa nyingine nzima. Kwa kijiji kilicho mbali na duka, tofauti hiyo ina uzito kuliko tofauti yoyote ya mwanga.

Nguzo zetu ni bomba la chuma la inchi tatu, mita sita juu ya ardhi na mita moja ndani ya zege. Miti ilipendekezwa kwa ajili ya kubana matumizi, lakini anayeijua mchwa ya Mtama hatapendekeza mara mbili. Sanduku la betri tumeliweka mita nne juu na kulichomelea mabano, kwa sababu betri ya lithiamu inafaa pia kwenye bodaboda, redio na mambo mengine ambayo hayakuwa kwenye mpango wa kijiji. Hadi sasa hakuna iliyoibiwa.

Kuna adui mmoja wa sola ambaye karatasi za watengenezaji hazimjui, na huyo ni salfa. Kuanzia Juni wakulima hupuliza salfa ya unga kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na kazi hufanywa alfajiri wakati upepo umetulia na umande bado uko majanini. Wingu la njano huelea juu ya kijiji na kutua popote. Mwezi Julai 2025 nilipanda kuangalia paneli ya ghalani nikaikuta kama uso wa mwari aliyepakwa liwa. Fundi alipima mkondo saa nne asubuhi kabla hatujagusa kitu, akapata ampea 2.3, tukaifuta kwa kitambaa laini na maji, akapima tena dakika chache baadaye, akapata 3.1. Robo ya umeme wa ghala ilikuwa imelala chini ya dawa ya kulinda korosho zitakazoingia ghalani humo. Sasa kila mwezi wa salfa paneli hufutwa mara moja kwa wiki, mapema kabla kioo hakijapata moto, na kazi hiyo inalipwa shilingi 2,000 kwa nguzo kwa sababu tulijaribu kuifanya kwa kujitolea na tukaona matokeo yake.

Malalamiko ya watu dhidi ya taa mpya ni machache, nami nitayataja kwa haki. Bibi anayeishi karibu na njia panda ya ghala aliniambia, "Mwanangu, mmeniletea mchana wa pili, kuku wangu hawajui waatamie lini," na ni kweli mwanga ulikuwa ukiingia moja kwa moja dirishani mwake. Tulikata kipande cha bati tukakifunga pembeni ya taa, na tatizo likaisha kwa nusu saa. Wacheza drafti wa stendi nao wameongeza muda wa mchezo hadi saa tano usiku, na wake zao wamepeleka suala hilo ngazi nyingine, si kwenye kamati yangu.

Nimalizie na mtambo wa zahanati, ambao kwa maoni yangu ndio manunuzi bora kuliko yote. Tuliufunga Novemba 2024 kwa shilingi 2,100,000: paneli ya wati 330, betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa gridi) ya wati 1,000 inayopokea chaji kutoka kwenye jua na kutoka gridi pia. Kwa kuwa jengo ni la halmashauri, tulianza kwa barua kupitia kwa mganga mfawidhi na kusubiri idhini kwa maandishi. Ufungaji tulimpa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa sababu inveta isiyotenganishwa vizuri inaweza kurudisha umeme kwenye laini ya TANESCO na kumuua fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imezimwa. Gharama ya fundi huyo ilikuwa kubwa kuliko ya fundi wa jirani, na ni fedha ambayo singeipunguza.

Hesabu tuliifanya safari hii kabla ya kununua, na muuguzi mkunga ndiye aliyetutajia kila kitu kinachowaka usiku. Balbu nane za wati 9 kwa saa sita ni wati-saa 432. Kompyuta ya wati 50 kwa saa nne ni 200. Hadubini ni 60, simu na vitu vidogo tukavipa 100. Jumla haifiki 800, na betri, ukiitumia kwa asilimia 80 na kutoa kinachopotea ndani ya inveta, hutoa zaidi ya 900. Friji ya chanjo hatukuigusa, kwani ina sola yake maalumu, na dawa zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8 hazifai kuchanganywa na chaji za simu za wageni. Mashine ya umeme ya kuchemshia vifaa tuliiacha kwenye gridi peke yake. Hata hivyo, wiki ya pili tu, ndugu wa mgonjwa mmoja alichomeka birika la wati 2,000 kwenye soketi ya akiba, inveta ikapiga kelele kama mbuzi na kujizima, na wodi ikawa giza kwa dakika tano. Tangu siku hiyo soketi za akiba zimepakwa rangi nyekundu, na zile za chumba cha wageni zimeondolewa kwenye mtambo kabisa.

Machi 2025 umeme wa gridi ulikatika saa moja jioni na kurudi kesho yake saa tano asubuhi. Usiku huo wanawake wawili walijifungua. Miaka yote iliyotangulia, mkunga aliniambia, kazi hiyo ilifanyika kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na mama mkwe wa mzazi, na mama mkwe huyo hutazama mtoto, hatazami anapomulika. Nilipofika asubuhi kioo cha betri kilisoma asilimia 38. Ukipiga hesabu, zilizotumika ni wati-saa 790 na kidogo, karibu sawasawa na tulichoandika kwenye karatasi. Sijawahi kufurahia hesabu ya kugawanya na kuzidisha kiasi hicho katika miaka yangu yote ya kufundisha.

Kuhusu fedha za matengenezo, mkutano mkuu wa chama cha msingi uliridhia makato ya shilingi 5 kwa kila kilo ya korosho, na msimu wa kwanza yakatupatia shilingi 940,000. Ziko kwenye akaunti yake, zinahitaji saini tatu, na zimetengwa kwa betri kwanza. Betri za aina hii zina uwezo wa kuchajiwa na kutumika zaidi ya mara 2,000, yaani miaka mitano na zaidi kwa matumizi ya kila siku, na nisingependa mwaka wa sita utukute tunaitisha mchango.

Kwa nyota tano, taa za kipande kimoja nazipa mbili: zinafaa nyumbani kwa mtu, uani au chooni shuleni, na zile zilizobaki hai tumezihamishia huko. Taa zilizotenganishwa nazipa nne, nyota moja ikikatwa kwa sababu maelekezo yake pia yanasema kusini. Mtambo wa zahanati una tano. Duka lina tatu, na tutarudi kwao, tukiwa na rula. Seti ya tano, itakayokwenda kwenye kitongoji cha yule mjumbe aliyeninyima salamu, tumeilipia nusu, na shimo la nguzo amekwisha kulichimba yeye mwenyewe.